Maji Yote ni ya Rejeta

Mshale wa joto ulianza kupanda gari lilipokuwa likikwea kilima cha kwanza baada ya Abuku. Jalia aliuona, akajifanya hajauona. Kuna mambo ambayo mtu huyapa nafasi yajirekebishe yenyewe, na mshale wa joto haujawahi kuwa mmoja wao. Ulipita nusu, ukapita robo tatu, kisha ukalalia upande mwekundu. Harufu ya kutu iliyochemka ikaingia ndani ya gari. Mara mvuke mweupe ukafumka kutoka chini ya boneti, na njia yote ikapotea mbele ya macho.

"Simama!" Ayiko alipiga kelele, mkono tayari kwenye mlango. "Gari iko na moto!"

"Moto hakuna, Mzee. Ni mvuke."

Jalia alizima injini. Katika kimya kilichofuata walisikia maji yakitokota mbele yao kama maharagwe jikoni. Kushoto na kulia zilisimama nyasi kavu, ndefu kuliko mtu, na juu yake jua la Machi lisilo na huruma. Hapakuwa na nyumba wala ng'ombe, na moshi wa jiko haukuonekana popote.

"Jalia," sauti iliita kutoka kiti cha nyuma. "Tumefika?"

"Bado, kaka. Lala."

Huyo wa nyuma alikuwa Abdunoor, kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki na aliyemfundisha kuendesha pikapu hiyohiyo ya dizeli. Alikuwa amejikunja kwenye kiti, magoti kifuani, jasho likimtiririka. Kwa miaka mingi alikuwa na ngiri, na kwa miaka mingi aliisukuma ndani kwa kidole akisema haina neno. Asubuhi hiyo, baada ya daku, ngiri ilitoka ikakataa kurudi. Pale hospitali ya Koboko daktari aliigusa mara moja tu. Utumbo umenaswa, alisema, unataka kisu leo, na kesho ni mbali. Lakini chumba cha upasuaji kilikuwa kimejaa majeruhi wa basi na lori waliogongana alfajiri, na mabaki ya magari hayo yalikuwa yameziba daraja la barabara ya lami. Gari la wagonjwa lilikwama ng'ambo. "Kama mna gari," daktari alisema, "piteni njia ya nyuma, Abuku hadi Adumi, mkaingie Arua. Na asinywe kitu. Hata tone. Tumbo likiwa na kitu akalazwa mezani, atakufa mezani."

Ndipo jirani yao Ayiko, Mlugbara mwenye shamba la karanga huko Abuku, alipojitolea kuwaongoza. Njia hiyo aliijua vizuri. Alijua pia mambo mengine mengi, na tangu walipotoka Koboko alikuwa hajanyamaza.

Sasa alizunguka mbele, akavua shati, akalikunja mkononi ili afungue kifuniko cha rejeta.

"Toa mkono!" Jalia alimvuta nyuma. "Unataka uso wako ipikwe? Ngoja ipoe."

"Basi tuiongezee maji. Maji iko wapi?"

Ilikuwa Ramadhani. Gari la watu waliofunga halibebi maji ya kunywa, nani atayanywa? Asubuhi nzima hakuna aliyewaza maji isipokuwa ya udhu, na hayo yalikuwa birika moja na jerikeni ndogo isiyojaa. Akamtazama Ayiko, Mkristo wa watu, ambaye hakuna dini iliyomkataza kunywa mchana.

"Wewe hukubeba?"

Ayiko alikuna shingo. "Nilisahau," alisema, akageukia gari haraka.

Walingoja injini ipoe. Kungoja huko kulikuwa adhabu, kwa sababu kila dakika kiliyopewa chuma alinyimwa mtu. Jalia hakuwa fundi. Alikuwa mfanyabiashara wa mitumba aliyekaa sana kwenye benchi la gereji akisubiri gari, na masikio yake yaliokota hiki na kile. Alijikaza akaanza na alichokijua. Aliubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, ulikuwa umekaza. Alihesabu mapanga ya feni, yote yalikuwepo. Akalala chini ya gari, mtandio ukiburura vumbini, akitafuta unyevu, akakuta vumbi kavu tupu. Hakuna paipu iliyopasuka, hakuna tone lililodondoka.

Kisha akachungulia mbele ya rejeta, akashusha pumzi. Uso wote wa rejeta ulikuwa umezibwa na mbegu za nyasi na makapi, zimeshindiliwa kama pamba ndani ya godoro. Upepo ungepita wapi?

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti. "Iko hii tu!"

Alichomoa kitana kichwani mwake, akaanza kuichana rejeta kama anayemchana mtoto aliyelala vibaya. Ayiko alikata vijiti akafanya ufagio. Walichana na kufagia mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili, na Ayiko akarudiwa na maneno yake: nyasi za Abuku ni maarufu, hata trekta ya wazungu ilishindwa hapa. Kifuniko kilipopoa Jalia alikifungua taratibu, akamimina maji ya jerikeni. Rejeta ikayameza. Akaongeza ya birika, ikayameza pia, na bado maji hayakuonekana mdomoni.

Hapo alipaswa kujiuliza. Maji yote hayo yalikwenda wapi, na chini ni pakavu? Lakini mtu akishapata jibu analolipenda hatafuti lingine. Aliwasha gari wakaondoka.

Mshale ulikaa katikati kwa muda mrefu na wa raha. Abdunoor aliguna kila waliporuka shimo, na kila alipoguna Jalia alikanyaga zaidi. Walipita korongo, wakapita kichaka kilichoungua, wakaanza kupanda tena. Jalia alikuwa anaanza kuomba dua ya shukrani mshale ulipotikisika. Uliondoka katikati kwa haraka kuliko mara ya kwanza, na safari hii hakujifanya hajauona. Alisimama juu ya kilima, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Si majani," alisema. "Si majani, Mzee Ayiko. Iko kitu kingine."

Ayiko alishuka, akaitazama boneti ikitoa mvuke.

Kando ya njia palikuwa na kichuguu kirefu. Jalia alikikwea, simu mkononi, betri ikiwa imebaki kidogo. Simu iliwakaribisha Kongo mara mbili kabla ya kukubali kwamba bado wapo Uganda. Mwishowe sauti ya Siraji, fundi wao wa Arua, ikaja kwa mikwaruzo. Jalia alimweleza yote bila kupumua.

"Ngoja," Siraji alisema. "Ikipoa, fungua kifuniko. Washa injini, kifuniko ikiwa wazi. Angalia ndani kwa mdomo ya rejeta. Halafu weka mkono nyuma kwa moshi. Rudi unipigie."

Walingoja tena. Alifanya kama alivyoambiwa, kisha akakwea kichuguu tena.

"Iko na mapovu, Siraji. Haiishi. Kama sufuria ya chai."

"Na moshi?"

"Nyeupe. Imelowesha mkono wangu."

"Gari ilipokuwa na joto, paipu ya juu ilikuwa namna gani?"

"Ngumu. Haiingii kidole."

Kwenye simu Jalia alisikia nyundo za gereji, watu wakicheka, dunia ikiendelea na shughuli zake. "Jalia," Siraji alisema, "hiyo ni gaskiti ya hedi. Imeungua. Moshi ya injini inaingia kwa maji, maji inaingia kwa injini. Gari inakunywa maji yake."

"Nifanye nini?"

"Huko? Hakuna. Hata mimi kama niko hapo na mikono tupu, ningekaa chini tu. Hiyo ni kazi ya kubomoa." Kisha akaongeza kwa upole, "Lakini Abdunoor hakukuambia? Nilimwambia lete nifungue hedi. Akasema baada ya Idi."

Jalia alifumba macho.

"Sikiliza. Betri yako iko kidogo? Sikiliza. Kifuniko usikaze, acha kwa hatua ya kwanza, presha itoke. Fungua hita ndani ya gari, moto yote, iende mpaka mwisho. Itavuta joto ya injini. Tembea kidogo, ukiona mshale imepita nusu, zima, ngoja. Jaza maji. Halafu tena. Maji yote ni ya rejeta. Unanisikia? Yo—"

Simu ilizimika. Aliibonyeza na kuibonyeza, akaipigapiga kwenye kiganja, na kioo kikabaki cheusi.

Alirudi kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma. Uso wa kaka yake ulikuwa umekuwa kijivu na midomo imepasuka. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma.

"Kaka, gari ilikuwa inakunywa maji?"

Abdunoor alikwepa macho yake. "Kila asubuhi," alisema. "Kidogo tu. Naongeza, inatembea. Nilidhani itafika Idi."

"Na ngiri?"

"Pia." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Jalia. Nipe maji kidogo. Siyo ya kumeza. Ya ulimi tu."

"Maji hakuna."

"Nisamehe."

Jalia alitaka kumkasirikia, akashindwa. Ukoo mzima wao ulikuwa hivyohivyo. Ukiwauliza hali watasema salama hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yao, na jirani akichungulia watamkaribisha kahawa. Yeye mwenyewe alikuwa amedanganya wangapi? Alimpangusa kaka yake jasho kwa ncha ya mtandio, akafunga mlango.

Ayiko alisema nyuma ya kilima kuna korongo ambalo wanawake huchimba maji kiangazi. Siyo mbali, alisema, na wote wawili wakajua kwamba "siyo mbali" ya mtu wa kijijini ni ugonjwa mwingine. Walimfungulia Abdunoor milango yote apate upepo, wakachukua jerikeni, birika na kikombe cha bati, wakaingia kwenye nyasi.

Nyasi ziliwakata mikono. Jua lilikuwa limeanza kuelekea Kongo lakini bado lilichoma. Ulimi wa Jalia ulikuwa umeshikamana na kaakaa, na alipojaribu kumeza mate hakupata ya kumeza. Alijua kwamba msafiri ana ruhusa ya kufungua. Ruhusa ilikuwepo, maji ndiyo hayakuwepo.

Korongo lilikuwa kavu, mchanga mweupe tupu. Lakini kwenye kona moja palikuwa na shimo la zamani, limefukiwa nusu. Ayiko alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono, na Jalia akachimba kando yake, wakitupa mchanga nyuma kama mbwa wawili. Mchanga ukawa baridi, kisha ukawa na unyevu, kisha chini kabisa kikajikusanya kidimbwi kidogo, rangi ya maziwa ya chai. Jalia alikizamisha kikombe. Kikatoka na maji ya kufunika kitako tu.

Basi hapo wakakaa. Unachota, unamimina, unangoja shimo litoe tena. Hakuna nguvu inayoweza kuliharakisha shimo la mchanga. Unaweza kulia, kuomba, kulitukana, nalo litatoa maji yake kwa mwendo wake. Jalia alijaribu yote matatu. Kila kikombe aliona uso wa kaka yake.

"Mzee, wewe hukufunga," alisema alipomwona Ayiko akilamba midomo. "Kunywa kidogo. Sitakasirika."

"Nitakunywa baadaye," Ayiko alisema, macho shimoni.

Jerikeni ilipojaa, waliweka ya mwisho kwenye birika, wakarudi wakikimbia pale walipoweza kukimbia. Vivuli vilikuwa virefu. Jalia alitokea njiani wa kwanza, akaona kiti cha nyuma ni kitupu.

Kisha akamwona. Abdunoor alikuwa amejikokota kwa viwiko mpaka mbele ya gari. Alama ya mwili wake ilionekana vumbini kama njia ya nyoka. Alikuwa amejishikilia kwenye bampa, amesimama nusu, kifuniko cha rejeta kimefunguliwa. Alikuwa amefunga kofia yake ya kufuma kwenye kijiti, ameitumbukiza mdomoni mwa rejeta, na sasa alikuwa anaiinua, nyekundu kwa kutu na ikidondoka, kuelekea kinywani.

Jalia hakukumbuka kuangusha jerikeni wala kuvuka njia. Alichokumbuka ni mlio. Alimpiga kaka yake kofi la shavu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kofia ikaruka kwenye vumbi, na Abdunoor akaanguka chini akiwa ameketi.

Ayiko aliyekuwa nyuma alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kwa watu wa Jalia, mdogo hamsemeshi mkubwa huku amesimama. Humpigia magoti akimsalimia, humtengea chakula kwanza, na akigombezwa hutazama chini. Abdunoor alimsomesha, alimwoza, alisimama kama baba siku ya ndoa yake. Sasa alikuwa ameketi vumbini, alama za vidole vinne shavuni, akimtazama.

"Umenipiga," alisema, kama anayeuliza.

"Ndiyo."

"Mimi."

"Umemeza?" Jalia alimshika taya, akamfungua kinywa, akaingiza kidole. Ulimi ulikuwa mkavu kama ngozi. "Kaka, umemeza?"

Alitikisa kichwa. Hapana.

Jerikeni ilikuwa imeanguka upande, na theluthi yake ilikuwa tayari imekwenda ardhini. Jalia aliiinua. Alisimama mbele ya kaka yake na kuyamimina maji kwenye rejeta, na maji yaliingia kwa sauti ile ya koo linalomeza, gulu gulu gulu, sauti ambayo mwenye kiu huisikia kwa mwili mzima. Abdunoor alitazama mpaka tone la mwisho. Uso wake ulilia, lakini machozi hayakutoka. Mwili haukuwa nayo.

"Inakunywa gari," alinong'ona. "Mimi ninanyimwa, inakunywa gari."

Jalia alirudisha kifuniko cha rejeta, akamwita Ayiko wamwinue kaka yake. Walimbeba, wakamrudisha kitini.

Kuanzia hapo walikwenda kama Siraji alivyosema. Jalia alifungua hita, ambayo tangu gari linunuliwe hakuna aliyewahi kuigusa. Nani anataka hita West Nile? Ilikohoa vumbi na mabuu makavu, kisha ikatema moto. Hewa iliyotoka ilichoma miguu, ilikausha macho, ilifanya vioo vilivyoshushwa visiwe na maana. Ayiko alitoa kichwa chote nje kama mbuzi kwenye lori. Nyuma, Abdunoor alikuwa ameacha kuomba maji, na ukimya wake ulimtisha Jalia kuliko kilio. Mshale ulipanda, ukasita, ukashuka kidogo. Wakapata kilima kimoja. Wakazima, wakangoja. Wakapata kingine. Waliposhuka miteremko alizima injini na kuliacha gari litiririke lenyewe, breki zikiwa ngumu kama kukanyaga jiwe, akiomba pasitokee mbuzi wala mtoto.

Walisimama kupoza injini jua lilipogusa ardhi. Kutoka mbali, upande wa Adumi, kwenye msikiti mdogo ambao Jalia hakuwahi kujua kama upo, ilisikika adhana ya Magharibi, nyembamba kama uzi. Ayiko aliinua birika, akalitikisa karibu na sikio, akamwita Jalia kwa jina la mwanawe.

"Mama Nabila, jua imezama. Kunywa."

"Iliyobaki ni ya rejeta."

"Mutu ikianguka kwa usukani, rejeta itatupeleka wapi? Kunywa."

Alimimina kwenye kikombe. Jalia alisema bismillahi, akanywa funda moja la maji yenye mchanga. Lilishuka likimuuma njia nzima, na mwili wake wote ukageuka ukaomba la pili. Alikiweka kikombe mbali na mdomo. Alihisi macho ya kaka yake kisogoni, ingawa alipogeuka yalikuwa yamefumbwa.

"Na wewe, Mzee. Funda moja. Tangu asubuhi hujanywa."

Ayiko alikunywa, akajifuta mdomo, akatazama pembeni. "Chupa yangu iko nyumbani kwa meza," alisema. "Niliijaza kabisa. Nikasema, nitakunywaje mbele ya watu wamefunga, tena na mgonjwa? Ni aibu. Nikaiacha."

Jalia alimtazama mzee huyu mwenye maneno mengi, aliyekaa na kiu siku nzima kwa adabu na kusema uongo mdogo kuificha. Wote watatu walikuwa wamejileta hapa kwa heshima zao. Akamimina maji yaliyobaki mdomoni mwa rejeta na kukaa tena kwenye usukani.

Walipita Adumi, maduka machache yenye taa za jua. Waliomba maji, wakapewa, na gari likayanywa. Waliomba gari jingine, halikuwepo. Kijana wa bodaboda alimtazama Abdunoor, akatikisa kichwa: huyu hakai kwenye pikipiki. Wakaendelea. Baada ya mashamba ya mihogo, kabla ya Dadamu, taa za Arua zikiwa zimeanza kung'aa kwa mbali juu ya miti, injini ilipiga kelele ya chuma kula chuma. Gari likatikisika, likasimama. Jalia akazungusha ufunguo. Hata kukohoa hakukuwepo.

Alishuka. Alizunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti yenye moto, akakiacha pale mpaka kikauma. Hakuna cha kuangalia tena, cha kuchana wala cha kujaza. Ziliko taa ndiko kulikokuwa na kisu, na kati yake na taa palikuwa na mwendo ambao watu wawili waliokauka wasingeweza kumbeba mtu. Akaketi barabarani, mgongo kwenye gurudumu, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Mama Nabila," Ayiko alisema.

"Niache."

"Mama Nabila. Taa."

Taa mbili zilikuwa zinakuja kutoka upande wa Arua, zikirukaruka kwenye mashimo kwa haraka isiyo ya mtu mwenye akili. Gari lilisimama likiserereka. Siraji alishuka, tende bado mkononi, kamba ya kuvuta begani.

"Simu ilipokatika nilijua," alisema. "Hiyo gari haingefika. Nimetafuta ya kuazima mpaka Magharibi. Mutu iko wapi?"

Hakuuliza kuhusu injini. Waliiacha pikapu palepale, milango wazi, hita bado imefunguliwa mpaka mwisho.

Siku iliyofuata, mchana, Jalia alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi huko Arua. Kando yake aliketi Ayiko, na katikati ya miguu ya Ayiko palikuwa na jerikeni ya njano iliyojaa. Hospitali ilikuwa na bomba hatua chache kutoka pale. Wauguzi walimwambia hivyo, naye alisema anajua, asanteni, na hakuisogeza.

Daktari alikuwa amekata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekuwa cheusi. Alisema wangelala njiani wangekuja kuzika. Alisema pia tumbo lilikuwa tupu, na hilo lilimsaidia mgonjwa. Jalia aliyasikia yote, lakini hofu yake ilikuwa imehama mahali. Jana aliogopa kaka yake atakufa. Leo aliogopa kwamba yuko hai na anakumbuka.

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni. "Ameamka. Anaita dada yake."

Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, macho chini. Abdunoor aligeuza kichwa kumtazama. Shavu moja lilikuwa bado limevimba kidogo.

"Gari iko wapi?" aliuliza, sauti kama mchanga.

"Imekufa, kaka. Iko kwa barabara ya Adumi."

"Ilikunywa maji yangu yote, na bado ikakufa?"

Ayiko mlangoni alicheka, kisha akaona haya. Jalia hakuweza. "Nisamehe, kaka," alisema. "Mkono huu. Sijui nitauweka wapi."

Kwenye meza muuguzi alikuwa ameacha kikombe na kijiko. Mgonjwa sasa aliruhusiwa, kijiko kimoja kimoja. Abdunoor aliunyoosha mkono wake wenye sindano, akashika mkono wa kulia wa dada yake, akaugeuza, akakitazama kiganja kana kwamba anatafuta kitu kilichoandikwa hapo. Kisha akakiweka kijiko ndani yake na kuvifunga vidole vyake juu.

"Nipe maji," alisema. "Kwa huuhuu."

Alichota. Nusu ya maji ikamdondokea shingoni, nusu ikaingia. Jalia mwenyewe alikuwa amefunga, mdomo mkavu, na katika utulivu wa wodi aliyasikia maji yakishuka kooni mwa kaka yake. Aliinama karibu, bila kujua anafanya nini, akasikiliza kama aliyesimama mbele ya rejeta akingoja mapovu.

Hayakuja. Akachota kijiko cha pili.